Kikapu cha Nthenya Kimerudi Kitupu

Pale Mwabungo, njia ya mchanga inapoingia kwenye lami, pana benchi la mnazi lenye miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Mwanapili huuza kahawa hapo kila asubuhi, pamoja na kashata za karanga na za nazi, akishamaliza kuwaamsha, kuwaosha na kuwafukuza watoto wake waende shule. Wateja wa benchi hawabadiliki. Kuna Tsuma, fundi wa baiskeli, aitwaye Spoku. Kuna Mzee Kaingu, ambaye aliwahi kuitwa kortini Kwale kutoa ushahidi wa mbuzi aliyepotea, na tangu siku hiyo ni Wakili. Na kuna Muindi, dereva wa gari la mikate litokalo Ukunda kwenda Msambweni, ambaye wengi wamesahau jina lake wakamwita Boflo, kama mikate yake. Asubuhi hiyo, katika ule mwaka uliofuata mvua za El Nino, watatu hao walikuwa wamejibana upande mmoja wa benchi. Upande wa pili walikuwa wameuacha kwa kikapu, kana kwamba kinauma.

— Nasema tena, alianza Wakili. Hicho si kikapu. Hicho ni hukumu.

— Hukumu bila kesi? aliuliza Spoku.

— Kesi ilisikizwa Msambweni. Sisi tumeletewa matokeo tu.

Mwanapili aliendelea kumimina kahawa. Alikuwa amejifunza kwamba benchi likishaanza, mtu huliacha limalize upepo wake, kama mtoto anayelia bila sababu. Ila leo sababu ilikuwepo, na ilikuwa yake.

Kikapu hicho cha miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, chenye mstari mwekundu na vishikio vilivyofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, alikisuka yeye mwenyewe. Kwa miaka mitatu kilikuwa kikienda na kurudi kati yake na Nthenya, mwanamke wa Kikamba kutoka bara, anayeishi Msambweni. Walikutana kwenye foleni ya kliniki, kila mmoja na mtoto mwenye homa mapajani na kazi mkononi. Mwanapili alikuwa akifuma kitambaa cha meza, Nthenya akisuka kiondo cha katani. Walitazamana mikono kabla ya kutazamana nyuso. Tangu hapo Boflo akawa ndiyo njia yao. Kikapu kilishuka na kona mpya ya kitambaa, au ua la nyuzi za mabaki, au kofia ya mtoto iliyokataa kumalizika, na juu yake kitu cha kutafuna: visheti, mabuyu, karanga za sukari. Anayepokea alikula, akatoa maoni, akajaribu naye, akarudisha. Na waliotoa maoni mengi kuliko wote walikuwa hawa wa benchi, kwa kuwa hakuna kikapu kilichopita hapo bila kutozwa ushuru wa mdomo.

Sheria ilikuwa moja, nayo kila mtu wa pwani anaijua tangu hajaota meno: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli la mbaazi, bakuli litarudi na kitu, hata kama ni ndimu mbili.

Jana jioni Boflo alikishusha kikapu. Hamkuwa na kitu ndani. Hata chembe ya sukari.

— Mimi nina swali kwa Boflo, alisema Spoku. Tuseme mtu anaendesha gari la mikate. Tuseme ana njaa. Mikate imehesabiwa, hawezi kuigusa. Pembeni yake kuna visheti ambavyo havikuhesabiwa na mtu.

— Ati mimi? Boflo aliweka kikombe chini. Ngoja bwana! Mimi nikila kitu cha mtu nasema nimekula. Yale mabuyu ya mwezi wa Ramadhani si nilisema?

— Ulisema kwa sababu mdomo ulikuwa mwekundu.

— Mama Mwanapili, hebu nitetee. Kikapu nilipewa hivi hivi. Tena Nthenya akanionya: Muindi, usikikalie, usikirundikie mikate. Ikabidi nikiweke kiti cha mbele. Kijana wangu wa kupakua akakaa nyuma na boflo zilizosalia.

— Kikapu kitupu? Kiti cha mbele? Wakili alijipangusa masharubu. Sasa hapo ndipo ushahidi unapoanza kunuka.

— Dharau hiyo, alisema Spoku. Anakuletea hewa, na hewa yenyewe inakaa kiti cha mbele.

Mwanapili alipanga kashata kwenye sinia. Jana usiku hakukosa usingizi. Mwanamke anayeamka kabla ya adhana hana nafasi ya kukosa usingizi. Lakini alipoamka kukaanga karanga, jambo lilikuwa limemngoja palepale alipoliacha. Basi alichukua nusu ya kitambaa cha meza walichokuwa wakikifuma pamoja, ile nusu aliyoifuma Nthenya, na sindano ya kufumia ya huyo huyo Nthenya, akavifunga ndani ya leso. Kifurushi kilikuwa miguuni pake. Boflo akiondoka, kinaondoka naye.

— Dada Mwanapili, alisema Spoku kwa sauti ya chini. Na hicho kifurushi umeazimia kweli?

— Kazi yake, namrudishia. Sitaki kukaa na kitu cha mtu asiyenitaka.

— Basi tuangalie kosa liko wapi kwanza, alisema Wakili. Mwanangu, mara ya mwisho ulimpelekea salamu gani?

Mwanapili alikohoa. Benchi zima lilijua. Miezi michache nyuma Nthenya alikuwa ametuma kipande cha miyaa alichojaribu kusuka mwenyewe, kimepinda kama njia ya ng'ombe. Mwanapili alicheka hadi akaketi, kisha akamwambia Boflo: mwambie mkono wa katani hauwezi miyaa, abaki na viondo vyake. Tangu siku hiyo kikapu kilikaa huko mpaka jana.

— Ulikuwa utani, alisema.

— Na wewe Boflo uliufikishaje?

— Kama nilivyoambiwa.

— Kwa sauti gani?

Boflo alikuna kisogo.

— Alikuwa mbali kidogo. Ng'ambo ya soko. Ilibidi niite.

— Ya Rabi, alisema Spoku. Soko zima!

— Wengine walicheka, alisema Boflo. Sio wote.

Wakili aliinua kidole, nacho kidole cha Wakili kikiinuka hakishuki mpaka kahawa ipoe.

— Sasa kosa tumelipata, lakini mimi naona kubwa zaidi. Hamjasikia hoteli za Diani zinatafuta wanawake wa kusuka mikeka ya wageni? Nthenya kachukuliwa. Kaandikishwa. Na hao wenye hoteli wakishakuandika mkono, mkono si wako tena. Hupiki, hukaangi. Visheti ni mafuta ya moto, na mkono ukiungua wamepata hasara.

— Kwa hivyo hata ugali hapiki? aliuliza Boflo.

— Anapikiwa!

— Anapikiwa na mwenye hoteli?

— Na mwenye hoteli mwenyewe. Anamlisha kwa kijiko.

Hata Mwanapili alitabasamu hapo, akageuza uso wasimwone. Spoku naye hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi naona vingine. Kitu kitupu hakibebwi kiti cha mbele. Kwa hivyo si kitupu. Ndani mna kitu, ila sisi macho yetu hayakioni.

— Jini? Boflo alisogea, na benchi likayumba juu ya tofali lake.

— Sikutaja jina mimi. Nasema mna kitu.

— Nimekaa na hicho kitu kutoka Msambweni mpaka hapa! Na breki zilikuwa zinalia njia nzima!

— Umeona? Breki zimesema, wewe hukusikia.

Spoku alikunja mkono wa shati, akautia ndani ya kikapu polepole, akaupapasa upande huu na ule. Wote walimtazama.

— Umegusa nini? aliuliza Wakili.

— Upepo, alisema Spoku. Lakini upepo wa baridi.

Walicheka mpaka Boflo akamwagikiwa na kahawa. Alipokuwa akijipangusa alisema, bila kufikiri, kama mtu anayeokota neno chini:

— Labda anahama tu. Niliona magunia mlangoni kwake. Yamefungwa kamba, yamepangwa.

Kicheko kilikatika.

 Mwaka uliopita, mwaka wa zile fujo za kuwafukuza watu wa bara kutoka pwani, wengi wao walifunga magunia hivyohivyo, na vitanda vikapakiwa juu ya malori. Boflo mwenyewe alikaa kwao Makueni miezi kadhaa, na benchi likala mikate ya jana. Nthenya hakuondoka. Katika miezi ile mibaya kikapu hakikupita, na siku kilipopita tena kilikuwa na karanga za sukari na kofia ya mtoto, na hakuna aliyetaja jambo lolote. Mwanapili aliipokea kofia ile, akamvika mwanawe, akaendelea na kazi.

Kwa hivyo hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu jana, si dharau. Dharau angeijibu.

— Kama anahama, alisema, angeniambia.

— Huenda hivi ndivyo anavyokuambia, alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuinua kidole.

Mwanapili aliinamisha birika. Lilitoa matone, kisha likatoa machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema. Boflo, nenda. Watu Msambweni wanangoja mikate.

Alimkabidhi kifurushi. Boflo alikishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

— Nimwambie nini?

— Mwambie kazi yake hiyo.

Gari la mikate halikuwahi kuwaka bila kusukumwa. Spoku na Wakili walikwenda nyuma yake, kama kila siku, Spoku akisukuma na Wakili akitoa maagizo. Benchi likabaki na Mwanapili na kikapu.

Hapo akaja mwanamke asiyejulikana pale, mfuko wa nailoni mkononi, viatu vimejaa mchanga.

— Hodi hapa. Hamjambo?

— Hatujambo. Karibu. Kahawa imekwisha, lakini kaa upumzike.

— Ahsante, mwenzangu. Naitwa Kadzo, natoka Kinango, naelekea Msambweni kumwona mgonjwa. Nisogeze hiki?

Alikiinua kikapu ili apate pa kukaa, akakileta karibu na pua.

— Kinanukia miyaa mibichi. Kizuri. Kipya hiki kakisuka nani?

— Si kipya. Cha miaka mitatu hicho.

— Haya, alisema Kadzo kwa adabu, kwa sauti ya mtu ambaye hakuja kubishana. Mwenyewe wajua.

Mwanapili alikipokea. Alikinusa. Kikapu chake kilinuka achari, tangu siku chupa ya achari ya embe ilipopasukia humo njiani, na doa lake lilikuwa chini upande wa kushoto, kubwa kama kiganja. Alikigeuza. Chini hapakuwa na doa. Miyaa ilikuwa bado na rangi ya kijani kwenye mikunjo. Mstari mwekundu ulipita palepale ulipostahili kupita. Vishikio vilikuwa vile vile, vya kanga ile ile kuukuu, vimefunguliwa kutoka kikapu kimoja na kufungwa kwenye kingine. Na pale ambapo yeye angeshonea kwa uzi wa miyaa, palishonwa kwa katani, mishono midogo, imebana, imenyooka.

Jana jioni alitia mkono ndani. Leo asubuhi Spoku alitia mkono ndani. Hakuna aliyetazama nje.

— Wee Boflo! Boflo! Simamisha!

Gari lilikuwa ndiyo kwanza limeshika. Mwanapili alikimbia na kandambili moja, kikapu mkononi, akapiga ubavu wa gari mpaka mikate ikaruka. Boflo alikanyaga breki, injini ikazima, na Wakili aliyekuwa ameegemea nyuma akakaa barabarani.

— Nini tena?

— Yale magunia mlangoni. Yalikuwa na nini ndani?

— Majani.

— Majani gani?

— Majani tu, makavu, marefu. Yalikuwa yanachomoza juu.

— Miyaa! Spoku alipiga kelele. Wewe umeona magunia ya miyaa ukatuhamishia mtu?

— Nyinyi hamkuniuliza ndani mna nini, alisema Boflo. Mliendelea na majini yenu.

Mwanapili alinyoosha mkono dirishani, akachukua leso yake na kilichokuwa ndani, akakibana kwapani. Kisha alirudi benchini, akakunja gazeti, akamimina sinia zima la kashata, za karanga na za nazi. Alipokuwa akifunga, Wakili alifika akijipangusa matako.

— Mwanangu, mbili kati ya hizo nilikuwa nimeshaagiza.

— Agiza kesho.

— Na kikapu humrudishii?

— Kikapu changu kiko kwake. Hiki ni changu pia. Hakiendi popote.

Alimpa Boflo furushi la gazeti. Wanaume walikuwa tayari nyuma ya gari, na Kadzo amepewa kiti cha mbele. Ila Boflo alibaki na kichwa nje, akingoja, maana alijua hakuna furushi linalokwenda Msambweni bila maneno.

— Nimwambie nini?

— Mwambie kikapu kimekaa nami tangu jana jioni, nami sikukijua. Nilidhani ni mkono wangu uliokisuka.

— Hayo tu?

— Hayo tu. Lakini usimnong'oneze. Simama ng'ambo ya soko, uite kwa sauti ile ile ya siku ile.