Orest Wasylenko na Kiatu cha Kushoto

Ijumaa hii, tarehe 26 Aprili 2024, saa kumi jioni, Bwana Orest Wasylenko ataizima mashine ya kusawazisha barafu ya Uwanja wa Kettle Ridge na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na saba, miezi mitano na siku ishirini na tatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi wengine tungesema tu "tangu zamani" tukaendelea na kahawa yetu.

Aliajiriwa Novemba 1986, kwa msimu mmoja tu wa baridi, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa ameteleza akavunjika nyonga. Alitoka shamba la ngano la baba yake, maili tisa kaskazini mwa mji, akasema angerudi kupanda majira ya kuchipua yakifika. Hakurudi. Alifagia majukwaa, alinoa viatu vya barafu, alichora mistari ya uwanja kwa mkono, na kila jioni ya mechi aliendesha mashine yake taratibu huku watu wazima wakimpungia mikono utadhani ni maandamano ya kifalme. Siku aliyofunga ndoa ilikuwa siku ya nusu fainali. Alikuja kutoka kanisani na suti yake, akasawazisha barafu mara tatu, na Dorothy wake akakaa jukwaani na shada la maua akila chipsi zenye mchuzi. Timu yetu, Sungura wa Kettle Ridge, ilishinda. Dorothy anadai hadi leo kwamba hakuna aliyempongeza yeye.

Alikuwa mkali. Lyle Bergstrom, aliyekuwa dereva wa basi la shule, anajua. Mwaka mmoja Lyle alitema ganda la mbegu ya alizeti karibu na ukuta wa uwanja, likagandia ndani ya barafu. Orest alipiga magoti, akalichimbua kwa bisibisi, akalitia kwenye bahasha na kulipeleka kwa posta nyumbani kwa mwenyewe. Lyle amelihifadhi.

Lakini wasifu wa Orest hauwezi kuandikwa bila Kura ya Kantini, na hapo ndipo kalamu ya mwandishi huyu inapoanza kuwa nzito.

Kwa mgeni aliyekuja leo kwenye hafla hii ya kumuaga kula keki tu: kila Mei ligi yetu ya vijana ya hoki ya barafuni hufanya uteuzi, kila timu ikijichagulia wachezaji wa miaka kumi na tano. Mwaka 1979 paa la uwanja liliporomoka kwa uzito wa theluji, mashabiki wakalijenga upya kwa mikono yao, na klabu ikawapa zawadi ya kudumu: chaguo la duru ya mwisho ni lao. Basi kila Aprili mashabiki hukusanyika kantini na kubishana mpaka sauti zinawakauka. Lyle hutaka vijana warefu. Yvonne Caron, mfamasia wetu, hutaka wenye kasi.

"Huyo wako mrefu ni mlingoti wa bendera," Yvonne humwambia. "Upepo ukivuma tu, chini!"

"Na huyo wako? Anakimbia sana, ndiyo. Lakini anakikimbia kisahani cha mchezo badala ya kukifuata!"

"Lyle, mwenzangu, wewe ulikuwa dereva wa basi. Kasi utaijulia wapi?"

Huendelea hivyo wiki tatu. Kisha vijana huitwa mmoja mmoja kuteleza dakika kumi kwenye barafu safi, na kura hupigwa. Kura zikifungana, kanuni iko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mtunza daftari ndiye anayeamua. Mtunza daftari tangu 1994 ni mimi, Marlene Fehr wa dirisha la tiketi.

Orest hakuwa na kura, kwa kuwa ni mfanyakazi. Ila alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Kila kijana alipotoka, kabla ya kuwasha mashine, Orest alitembea uwanjani mikono mgongoni akisoma mikwaruzo. Alijua nani anageuka upande mmoja tu, nani anaogopa kusimama ghafla, nani amechoka akajifanya hajachoka. Mara mbili nilimsikia akinong'ona jina la kijana ambaye hakuna aliyemtaja, na wote wawili walifika ligi kubwa. "Barafu haidanganyi," alikuwa akisema, na sisi tulilibeba neno hilo kama sala.

Aprili 2008 kura zilifungana, tisa kwa tisa. Upande mmoja alikuwa kijana mrefu kutoka mji wa Regina, kipenzi cha Lyle. Upande wa pili Kolby Dreger, mtoto wa wakulima wa hapa hapa, aliyekuwa akiteleza kwenye bwawa la ng'ombe tangu ana miaka mitatu. Yvonne alikuwa amesimama juu ya kiti. Lyle alikuwa mwekundu kama bitiruti. Wote wakanigeukia.

Sikutaka kumuudhi yeyote. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine. Niliteremka ngazi, nikamshika Orest mkono akiwa bado na ndoo ya maji ya moto, nikampandisha kantini.

"Tuambie wewe," nikamwambia. "Umeiona barafu yake."

"Mimi si wa kura, Marlene."

"Sema tu ulichokiona."

Akaiweka ndoo chini. "Mguu wa kushoto anauburuta," akasema. "Kila kona. Kijana ana moyo, lakini kona za kushoto hazipati."

Ikawa imekwisha. Nilimwandika wa Regina, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: *kura ya kuamua, O. Wasylenko.* Huyo wa Regina alikwenda kusoma Marekani, hakuja hata siku moja kuvaa jezi yetu. Timu nyingine hazikumchukua Kolby, kwani nani amtake mtoto aliyekataliwa na watu wa kwao? Kiangazi kilipoisha alikuwa ameacha hoki. Akaenda kaskazini kwenye visima vya mafuta.

Oktoba ile, kwenye mnada wetu wa vifaa vilivyotumika, mama yake, Agatha, alileta sanduku la vitu vya Kolby. Orest alikuwa mezani akipokea. Akachukua kiatu cha barafu cha kushoto, akakigeuza, na ule ubapa wa chuma ukacheza mkononi mwake. Ribiti tatu za kuushikilia zilikuwa zimekatika. Ndani kulikuwa na soksi mbili za sufu zilizosokomezwa kujazia nafasi.

"Vilikuwa vya binamu yake," Agatha akaeleza. "Vikubwa kidogo. Hakutaka tuseme."

Orest ndiye aliyenoa viatu vya nusu ya mji huu. Akina Dreger walinoa vyao wenyewe shambani, kwa tupa, kwa hiyo kiatu kile hakikuwahi kupita mikononi mwake. Kijana alikuwa ameteleza dakika kumi juu ya chuma kilicholegea, na bado alikuwa amepata kura tisa. Orest hakukiweka mezani kiuzwe. Alikitundika kwenye msumari katika chumba cha mashine, na tangu siku hiyo hakutoa tena neno lolote kuhusu kijana yeyote. Aprili baada ya Aprili tulimwita juu, naye akasema ana kazi. Aliendelea kutembea uwanjani mikono mgongoni, akasoma, akawasha mashine, akafuta.

Miaka kumi na sita. Nilikuwa napita mlango ule kila siku. Nilikiona kiatu. Nilijua kilichomziba mdomo, na nilijua kura ile ilikuwa ya nani. Nikanyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi.

Februari tulitangaza kazi yake. Aliyepata ni Kolby Dreger, miaka thelathini na mmoja, amerudi kumtunza mama yake. Alianza tarehe 4 Machi, na Orest akamfundisha kila kitu: joto la maji, pembe ya kisu, namna ya kusikia kompresa ya kugandishia barafu ikiumwa. Kiatu kilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao muda wote. Hakuna aliyekitaja. Mji wetu ni mdogo. Kolby alikuwa anajua nani alisema nini kantini siku ile.

Jumamosi iliyopita kura zilifungana tena, kati ya mrefu wa Lyle na mfupi wa Yvonne. Yvonne akapiga meza. "Orest! Wiki yako ya mwisho hii, usitunyime!"

Orest alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Akatikisa kichwa, akamwelekeza Kolby kwa kidevu. "Mwulizeni yeye. Ndiye aliyetembea juu ya barafu leo."

Lyle akaacha kutafuna.

"Yule mfupi anaburuta mguu wa kushoto," Kolby akasema. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu yeyote: "Lakini kabla hamjamkata, mtu ashuke akaangalie viatu vyake."

Yvonne alishuka mbio. Akarudi anahema. "Vizima! Vipya kabisa! Anaburuta tu, basi!" Watu wakacheka, nami ningependa kusema nilicheka. Nilikuwa namtazama Orest. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu, macho yamejaa.

"Nilipaswa kukuuliza," akamwambia Kolby. "Siku ile. Ilikuwa ni kukuuliza tu."

"Ndiyo, mzee," Kolby akajibu. "Ulipaswa kuniuliza."

Hakusema amesamehe, wala hakusema yamepita. Alimwekea mkono begani kidogo, kisha akashuka kuwasha mashine.

Kuhusu kura, safari hii niliamua mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote. Lyle hajanisalimia mpaka leo. Nimegundua mtu hafi kwa hilo. Laiti ningeligundua 2008.

Jumatatu Orest alifungasha vitu vyake kwenye sanduku la kadibodi: redio, kikombe, picha ya Dorothy na shada lake. Aliponyoosha mkono kwenye msumari, Kolby akamwambia, "Hicho kiache." Kwa hiyo kimebaki. Mtakaopita chumba cha mashine mtakiona, na sasa mnajua ni cha nani.

Orest, tunakushukuru kwa barafu, kwa pirogi za Dorothy, zile sambusa za kuchemsha, ulizotugawia kila Krismasi, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea miaka mirefu yenye afya, bustani isiyoliwa na sungura wa kweli, na asubuhi ambazo hulazimiki kuamka kabla ya jua. Kolby, kwako sina la kukutakia ambalo halijachelewa, ila samahani, na hiyo ni yangu, si ya Orest.

Jana nilifungua daftari kwenye ukurasa wa 2008. Pembeni nimelikata jina lako, Orest, kwa ile ile kalamu nyekundu, na juu yake nimeandika: *M. Fehr.* Nenda nyumbani mwepesi, rafiki yangu.