Babu Sindano na Wimbo Uliotembea Badala ya Kukimbia

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza maktaba ya muziki ya kituo chetu cha redio, Babu Sindano anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye faili analijua afisa utumishi. Sisi wengine tunamwita kwa ile sindano ndogo ya mashine ya santuri, ambayo kwa miaka yote hiyo hajamruhusu mtu mwingine aishushe.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, ninakaa mapokezi, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka nisimwone. Pili, mimi na mume wangu tulikutana ndani ya maktaba yake, na wenzangu wanasema kwa kuwa sijanyamaza tangu tufunge ndoa wiki tano zilizopita, ni afadhali niandike mara moja yaishe. Hayaishi, lakini nitajitahidi.

Babu Sindano aliajiriwa kama tarishi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua ghorofa hadi ghorofa, na alipanda ngazi akipiga mluzi. Siku moja mtangazaji wa asubuhi alimtuma stoo amletee santuri moja ya rumba. Alirudi baada ya dakika arobaini na santuri tatu, akaeleza kwamba ile moja isingeeleweka bila hizo nyingine mbili. Mtangazaji alikasirika, akazicheza, kisha akaenda kumwomba mkuu wa vipindi watafute tarishi mwingine, huyu apewe maktaba.

Chumba alichokabidhiwa kiko mwisho wa korido, ghorofa ya pili. Hakina dirisha, rafu zake ni za chuma, na feni haiwashwi kwa sababu ya vumbi. Babu Sindano hushika santuri kwa kingo tu, viganja wazi, kama mtu anayepeleka trei ya chai kwa wakwe. Huzipangusa kwa kipande cha fulana kuukuu, na ole wako umuulize fulana ilikuwa ya nani.

Kila santuri ameiwekea kadi. Juu huandika jina la wimbo, mwaka, waimbaji na wapigaji. Chini huandika maoni yake, na hayo ndiyo yanayotufanya tupande ngazi hata tusipotumwa. Kadi moja ya muziki wa dansi inasema, "Gitaa la pili linalisengenya la kwanza." Nyingine, ya taarabu, inasema, "Mama huyu anadai amesamehe. Msikilize vizuri." Nyingine inaonya tu, "Usicheze saa za kupika. Watu wataunguza."

Kuazima kwake kuna sharti. Ukichukua wimbo wa zamani, lazima umletee mpya asioujua. Hataki zawadi, hataki salamu ndefu, anataka wimbo. Ndivyo watangazaji vijana walivyojikuta wamejipanga mlangoni na simu mkononi, kila mmoja akiomba wake usiwe umeshasikika. Amapiano ya Afrika Kusini ilipoingia, alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema ni muziki wa mtu anayegonga mlango huku anaona haya. Kisha akaomba tano zaidi.

Nyimbo hizo za kwenye simu nazo huziandikia kadi. Kwa kuwa hazina jalada la kuwekwa, amezitafutia kasha la viatu lililoandikwa "Nyimbo zisizo na nyumba". Mwaka jana mtangazaji wa mchana alimletea wimbo wa kijana mmoja, akiapa kwamba haujawahi kusikika mfano wake. Babu Sindano alisikiliza sekunde kumi, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachomoa santuri ya miaka arobaini. Gitaa lilikuwa lile lile. Hakumcheka. Alimwambia, "Usihuzunike, mwanangu. Umeniletea mjukuu, na mimi nimekuonyesha babu yake. Sasa wacheze pamoja." Wakachezwa pamoja, na simu za wasikilizaji hazikukatika mpaka taarifa ya habari.

Lakini kulikuwa na kadi moja iliyomkosesha raha. Miaka thelathini na moja iliyopita ililetwa santuri kubwa isiyo na jalada, karatasi ya katikati imebanduka, na imeimbwa kwa lugha ambayo hapa kazini hakuna anayeijua. Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, kama ya mwanamume aliyezika jana. Juu ya kadi yake aliandika "Sijui bado". Aliuliza wanamuziki, madereva, wageni wa vipindi, hata mkaguzi wa umeme. Hakuna aliyejua. Kituo kilipohitaji huzuni, kilicheza wimbo huo. Mkurugenzi wa zamani alipofiwa na mama yake, aliuomba mara mbili.

Tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, Babu Sindano alianza kukabidhi rafu moja moja. Alikabidhi zote isipokuwa hiyo santuri. Afisa utumishi alipomwambia fomu ya makabidhiano inaruhusu kuacha nafasi wazi, alijibu kwamba fomu inaruhusu lakini yeye hajiruhusu. "Sitaki kumwachia mtu mwingine swali langu," alisema. Tulimwona akipungua. Chai ilikuwa inapoa mbele yake.

Hapa naomba mniruhusu kumtaja mume wangu. Yeye ni fundi mitambo wetu, yule mrefu mwenye tabasamu linaloanza upande mmoja. Siku nilipopeleka barua maktaba nilimkuta amelala chali chini ya meza akitengeneza mashine, na wimbo uliokuwa ukijaribiwa ulikuwa huo usio na jina. Alitoa kichwa, akanitazama, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa meza. Tangu hapo ukawa wimbo wetu. Watu walitushangaa, wakasema ni watu gani hao wanaopendana kwa wimbo wa msiba. Sisi tuliona unatuhusu kabisa.

Kwa hiyo tulimwomba Babu Sindano aje na mashine yake harusini, atuchezee huo tukiingia ukumbini. Alikubali shingo upande. Tukaingia hatua kwa hatua, polepole sana, mimi nikilia kwa furaha na wageni wengine wakilia kwa kutoelewa. Tulipofika katikati ya ukumbi, meza ya tatu kutoka jukwaani, bibi yake mume wangu, mwenye miaka themanini na mmoja, alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Jamani, huyo dada mmempa dawa gani ya usingizi?" aliuliza.

Babu Sindano alimwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba mwimbaji ni mwanamume. Bibi akasema, "Mwanangu, huyo ni mwanamke, na anakimbia. Ongeza mwendo. Huo nimeucheza mimi mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka."

Kwa wasiojua mambo ya santuri, kubwa kwa kawaida huenda mwendo wa mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, na ndogo arobaini na tano. Zipo kubwa chache za arobaini na tano, na hilo Babu Sindano alilijua kuliko sisi sote. Ila hii, tangu siku ya kwanza, ilimwingia moyoni ikiwa polepole, na hakuwahi kuijaribu vingine. Alisogeza swichi. Ghafla akatoka mwanamke mwenye sauti kali, ngoma zikamfuata mbio, na bibi akasimama bila fimbo. Wimbo ni wa lugha ya kwao bibi, ambayo mume wangu hakuwahi kufundishwa, na alitutajia mwimbaji wake na kututafsiria huku akicheza. Mwanamume amekuja dansini na viatu vya kuazima, na mwimbaji anamhimiza, cheza haraka, mwenye viatu anakuja.

Ukumbi wote ulicheza. Babu Sindano peke yake alisimama kando ya mashine, mkono kwenye swichi.

Jumatatu hakusalimia mtu. Jumanne vilevile. Tuliogopa ataificha ile santuri aondoke kimya, na nani angemlaumu, maana ni yeye aliyetufundisha sote kusikiliza. Jumatano aliomba dakika tano katika kipindi cha mchana. Aliwaambia wasikilizaji kwamba kwa miaka thelathini na moja amewaliza kwa wimbo wa kuchekesha, kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba sasa wausikilize jinsi mwenyewe alivyouimba. Kisha akaucheza. Simu ya kwanza niliipokea mimi. Mama mmoja alisema ameulilia wimbo ule miaka kumi na minane na anadai machozi yake, ila kwanza urudiwe. Ulirudiwa mara nne.

Ile kadi hakuichana. Alipiga mstari mmoja juu ya "Sijui bado", akaandika chini yake, "Viatu vya Kuazima. Mwimbaji: Mama Pasi, mchana akipiga pasi nguo za watu, jioni akiimba. Mwendo: arobaini na tano. Kosa: langu. Mwalimu: Bibi, meza ya tatu." Kisha akasaini fomu ya makabidhiano, akanywa chai yake ingali moto.

Babu Sindano, ahsante kwa kila ulichotusikilizisha na kila ulichokubali kusikilizishwa. Mkeo ametuambia umemwahidi kukaa nyumbani, na kwamba yeye haamini. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye nyimbo usizozijua. Sharti lako litabaki pale mlangoni, nasi tutaliheshimu.

Ijumaa saa tisa alasiri tutakusindikiza hadi ukumbi wa kituo kwa "Viatu vya Kuazima", na bibi amekubali kuja. Utacheza upende usipende. Cheza kwa mwendo wowote unaoutaka, Babu, viatu ni vyako na hakuna mwenyewe anayekuja.