Maji Niliyomwaga Dirishani

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu na godoro, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya nitakayosema sina pumzi ya kuyasema mara mbili. Khaled, zima hiyo redio, habari za vita zitakuwepo na kesho. Atumani, umetoka Kigoma katika njia hizi za hatari ili uione sura yangu, Mungu akulipe, kaa hapo miguuni. Waridi, mwache Yasmina amshike mdogo wake uani, nawe uje ukae, ukae chini kabisa, usisimame kama mtu anayengoja kutumwa. Na wewe Léoncie, jirani yangu, usione haya kuingia. Nimekuita makusudi, kwa sababu yale yaliyosemwa uani kwangu uliyasikia kupitia ukuta, na haya ya leo nataka uyasikie pia.

Mimi Mawazo binti Radjabu, mwenye akili timamu ingawa upande mmoja wa mwili umenifia tangu mwaka jana, nawausia. Nyumba hii ya hapa mtaani Jabe niliijenga kwa kuuza ndagala sokoni, dagaa hawa wa ziwani, fungu kwa fungu, bati baada ya bati, baba yenu akiwa hai na akiridhia kwamba ni yangu. Ina vyumba vitatu vilivyo sawa. Sheria ya Mungu hainiruhusu kumzidishia mrithi, na Waridi ni mrithi kama ninyi, kwa hiyo sitamzidishia. Lakini theluthi ni yangu kumpa asiyerithi, na watoto wa binti hawarithi. Basi chumba cha barabarani, kile kinachotazama soko, ni cha Yasmina na mdogo wake. Viwili vinavyobaki shehe atawagawia, kila mtu fungu lake. Khaled, usikunje uso. Jicho lililobaki linaona vizuri.

Kwa Mungu nadaiwa funga za Ramadhani iliyopita, mwezi mzima. Lisheni maskini kwa niaba yangu, na mwaka huu hamtahangaika kuwatafuta. Kwa mwanadamu nina deni moja tu, na hilo ndilo lililonizuia kufa wiki nzima hii.

Sikilizeni wanangu. Waridi alirudi hapa na mimba ya miezi saba na Yasmina mkononi, mumewe amekwenda Kanyosha kutafuta muhogo na hakurudi, wala hakuna aliyemletea maiti wala habari. Hata matanga hakuwahi kukaa. Mwezi uleule mimi nikaanguka. Akawa na mtoto tumboni, mtoto mkononi na mama kitandani, na asubuhi anakwenda kuuza ndagala pale pale nilipokuwa nikiuza mimi, adhuhuri anakimbia nyumbani kunigeuza nisipate vidonda, kisha anarudi sokoni. Risasi zilipoanza kulia upande wa milimani, kila nyumba watu walishuka vitandani wakalala sakafuni. Mtu kama mimi hanyanyuliki, mnaujua mwili wangu, basi alikuwa akilivuta godoro na mimi juu yake, karibu avute kwa meno, mpaka linashuka, halafu anampachika yule mchanga, aliyekwisha kuzaliwa, kwenye ubavu wangu mzima na kuniambia, "Mama, mushikirie huyu, we ndiye unamulinda." Nami nilimshika. Siku hizo nilijiona bado nina kazi duniani.

Nilimuuliza mara moja, nguvu hizi unazitoa wapi? Akasema bila kugeuka, anasonga ugali, "Nguvu apana, mama. Batoto banaamuka, na mi naamuka." Basi.

Sasa aibu yangu. Kuzaa nimezaa, uzee nimeuona, lakini sikuwahi kufikiri kwamba binti niliyemfunza kuficha mwili wake atakuja kuuona wangu. Kila nilipokojoa alinifunua, akaniosha, akabadilisha shuka, akafua, na maji yenyewe ameyabeba kichwani kutoka bombani. Moyo wangu ulikataa. Nikajiambia, asiyekunywa hakojoi. Basi kila aliponiachia birika na kikombe akaenda sokoni, mkono huu mzima ulikuwa ukiyamwaga maji dirishani, kikombe kwa kikombe, nikabakiza ya kulowesha midomo tu. Léoncie, ulikuwa ukishangaa mboga za lengalenga ulizopanda chini ya dirisha langu zinavyostawi kiangazi, ukasema Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli, lakini maji yalikuwa yangu.

Nikakauka. Nikaanza kupayuka, nikawaita wafu kwa majina. Na siku hiyo ndiyo mji ulikuwa umefungwa, siku zile wanazoziita ville morte, vijana wamepanga mawe barabarani na hapiti mtu. Waridi akaazima mkokoteni wa makaa, akanilaza humo, mtoto mgongoni, akasukuma kwenda hospitali. Kwenye mawe wakamsimamisha na marungu. Nilimsikia akisema, "Mutanipiga nikirudi. Saa hii mama anakufa, na mutoto anataka nyonyo." Hakulia, hakuomba. Kijana mmoja akasogeza jiwe.

Dokta akanitazama akasema, "Huyu mugonjwa hamumupe maji?" Waridi akajibu, "Dokta, anakunywaka birika nzima." Dokta akamtazama kama mtu anavyomtazama mwongo. Mimi nilikuwa nimeshaamka, wanangu. Nilisikia. Nikafumba macho.

Kisha ukaja wewe, Khaled, na gari la kazini kwako Kinindo, umesikia maneno ya hospitali, ukasimama uani ukapiga kelele mtaa mzima ukusikie, "We Waridi, unamunyima mama maji akufe haraka, upate nyumba!" Na mimi niko humu ndani, ulimi wangu mzima, nikanyamaza. Nilichagua aibu yake iwe kubwa ili yangu isionekane. Tangu siku hiyo wanawake sokoni hawanunui kwake kama zamani, wanampita, na yeye jioni anarudi ananiosha vilevile, kwa mkono uleule. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi na kiniumbue, nimechoka kuficha.

Waridi, mwanangu, nisamehe. Usinijibu sasa. Ukijibu utalia, na ukilia sitamaliza.

Khaled, sikukasirikii, uongo ulikuwa wangu na wewe uliubeba tu. Lakini ulipiga kelele, basi na kumsafisha kuwe kwa kelele. Ijumaa utasimama uani palepale useme niliyoyasema. Léoncie, wewe utayapeleka sokoni. Mdomo wako naujua, kwa mara moja utafanya kazi ya Mungu.

Ngojeni. Pumzi... Atumani, niinue kidogo. Hapo.

Nikishakufa, desturi inataka binti amwoshe mama yake, na wanawake watamtafuta Waridi. Waambieni nimekataa. Si kwa kumnyima, asije mtu akasema nimemnyima. Mwaka mzima ameniosha, asubuhi na jioni, nikiwa hai na macho yangu yanaona. Imetosha. Waje wanawake wa msikitini. Khaled, maji ya kuniosha... utayabeba wewe, kutoka bombani, kichwani, wala usiyalete kwa gari. Atumani, kulichimba kaburi ni kazi yako. Léoncie, siku hiyo watoto wawili hawa... wakae kwako, wale kwako.

Radhi zangu kwenu nyote. Mungu awaweke, awavushe vita hivi... mzikane kwa zamu, wakubwa kwanza. Na wewe Waridi... mama wa Yasmina... mama yangu mimi... radhi zangu ulikuwa nazo, nilichelewa tu kuzitamka.

Siku hiyo... watu watajaa, watalia... watamwita aje akae nao. Msimwite. Mtandikieni chumba cha barabarani... cha watoto wake. Fungeni mlango. Mumwache alale. Hata jeneza likitoka... msimwamshe. Alale... mwanangu alale.