Majivu ya Chungu

Kijiwe chao kilikuwa gogo la mnazi lililolazwa juu ya mawe mawili kando ya njia ya Kinondoni, mbele ya kibanda cha Anselmo wa Newala, mchonga vinyago waliyemwita Tindo. Jioni ile Audax alikuja na jani la mgomba, kingo zake zimekauka kama lililobabuliwa na moto, akalilaza magotini kama mtoto mwenye homa. Mgomba ule mama yake aliung'oa Bukoba ukiwa chipukizi, akamfungashia, ukavuka ziwa kwa meli na nchi kwa gari moshi. Mama mwenyewe alikwisha kufariki. Kilichobaki cha mkono wake ni shina lile moja.

Bwana Shamba alikuwa amepita asubuhi, akasema udongo umepungukiwa potashi, akaacha karatasi ya Kiingereza, akaenda zake Mbweni. Sasa karatasi ilikuwa mikononi mwa Wilbert, karani wa bandarini, ambaye kwa kupenda kufasiri kila kitu walimpa jina la Kamusi. Kamusi aliikata potashi vipande viwili kama muwa: nusu ya kwanza, pot, alisema, kwa Kizungu ni chungu, ya pili, ash, ni majivu.

— Kwa hiyo ni majivu ya chungu.

— Chungu cha kupikia, au chungu kama mwarobaini? Audax aliuliza.

Kamusi akaigeuza karatasi upande wa pili. Hilo halikuandikwa.

Basi kila mtu akashika njia yake. Kamusi alitaka vyungu vikuukuu vichomwe upya, vitwangwe viwe unga. Tindo akakataa. Kwao, alisema, kina mama hutoboa chungu chini, hukijaza majivu, humimina maji, na yale yanayochuruzika huchemshwa hata ibaki chumvi nyeupe. Audax akasogea karibu, maana hapo palikuwa na kitu. Lakini Tindo hakujua kuishia penye kweli. Majivu lazima yawe ya mpingo, aliendelea, na mchujaji ayaonje. Akikunja uso, ndiyo yenyewe.

— Wahenga walisema, moto huzaa majivu, na majivu huzaa ndizi.

— Wahenga waliishia kwenye majivu, bwana, Kamusi alisema. Hizo ndizi umezaa wewe.

Mzee Didas, muuza kahawa, akaweka dele lake chini. Nyie wote mmepotea, alisema.

— Dawa ni majivu ya gari moshi. Mgomba wa Audax si ulikuja kwa gari moshi? Utayatambua.

Walicheka, na Audax naye akacheka, hata macho yake yalipoangukia lile jani.

— Mie nacheka na nyie, alisema taratibu. Lakini likifa shina hili, sina tena pa kumwamkia mama.

Kamusi akaikunja karatasi. Mzee Didas akamjazia Audax kikombe bila kuombwa.

Wakati huo Mauwa, binti aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama pembeni na birika, akingoja kahawa ya baba yake. Alikwisha kuwaamkia, wasimsikie.

— Shikamooni tena, baba zangu. Samahani, majivu ya majumbani kwenu humwagwa wapi?

Tindo alimtazama Kamusi. Kamusi alimtazama Mzee Didas. Mzee akainamisha dele kwenye birika. Likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa.

Audax alikwenda nyumbani akamuuliza mkewe. Genoveva alikuwa akinyonyesha. Akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya jiko. Pale palikuwa na chungu chenye ufa, kimejaa majivu mpaka mdomoni. Mvua ilikuwa imepita ndani yake na kuchuruzikia ufani, na pale ilipodondokea, mboga ya maboga ilikuwa imetandaza majani ya kijani kibichi hadi kingoni.

— Nayawekaga ya kusugulia sufuria, Genoveva alisema. Kwani yana nini?

Audax alikinyanyua chungu kwa mikono miwili, akaelekea mgombani, na Genoveva akamfuata na mtoto begani na kata ya maji mkononi.