Mrija wa Baba Mdogo

OLUPOT: Haloo? Ni nani? Hii namba ya Kenya mimi siijui.

EKWARO: Wewe ndiye nani?

OLUPOT: Wewe ndiye umepiga.

EKWARO: Nimepigia namba ya Olupot, mtoto wa marehemu kaka yangu. Sasa nani kashika simu yake?

OLUPOT: Ni mimi, baba mdogo. Ekwaro?

EKWARO: Sauti si yako.

OLUPOT: Koo limevimba. Nakusalimu, yoga, baba mdogo.

EKWARO: Yoga noi. Waliniambia umekufa. Mtu wa boda wa Nagongera, anasema tayari watu wamekaa matanga. Nimekulilia tangu Jumamosi, bwana. Nimelia bure.

OLUPOT: Pole.

EKWARO: Usinipe pole, mimi ndiye wa kukupa. Uko wapi?

OLUPOT: Hospitali, Tororo. Oksijeni wametoa jana. Dripu bado.

EKWARO: Na mimi unajua niko wapi? Upande wa Kenya, Busia, kwa Nasrudin wa malori. Nimevuka kwa njia ya panya, mzee wa miaka sitini na mbili, viatu mkononi. Vijana wa ukoo wanasema nimekutilia sumu. Wamebeba milango yangu. Milango, Olupot. Mke wangu Dorah amekaa ndani ya nyumba haina hata mlango, na Oluka anasema— haloo? Uko?

OLUPOT: Nipo.

EKWARO: Anasema leo saa kumi kama sijajileta, wanachoma. Mkubwa wa ukoo mzima, anaongea hivyo. Saa hizi ni saa ngapi?

OLUPOT: Saa nane na nusu.

EKWARO: Mimi sikukutilia kitu.

OLUPOT: Najua.

EKWARO: Si wazee wenyewe walisema Jumamosi tunywe pombe kwa mrija mmoja, kesi yetu ya shamba iishe? Nikanywa mimi kwanza, chungu kile kile, watu wanaona. Ndipo nikakupa wewe. Kama ilikuwa na sumu, mimi ndiye ningetangulia—

OLUPOT: Baba mdogo. Ni karanga.

EKWARO: Ni nini? Mtandao unakwaruza.

OLUPOT: Karanga. Ulikuwa unatafuna karanga, halafu ukanipa mrija uliotoka mdomoni mwako. Mwili wangu hautaki karanga. Ni aleji. Hata ile kidogo ya kwenye mrija inatosha.

EKWARO: Karanga tunatia kwenye mboga kila siku.

OLUPOT: Ndiyo.

EKWARO: Watoto wanakua kwa karanga.

OLUPOT: Mimi sikukua nazo. Midomo inaanza kuwasha, ulimi unajaa mdomo, halafu hewa inakataa kupita. Nesi anasema ningechelewa dakika kumi, basi.

EKWARO: Unaongea kama mtu anasoma gazeti.

OLUPOT: Sisikii kitu moyoni. Jana mke wangu alilia hapa kitandani, nikawa namtazama tu. Nikajiuliza huyu Robinah analia nini.

EKWARO: Hii kitu ilianza lini?

OLUPOT: Tangu mtoto. Si unakumbuka nilikuwa nabeba kopo langu la chakula mpaka namaliza shule? Mama alisema watu wakiuliza, niseme ni tumbo.

EKWARO: Kwa nini hamkusema? Sisi ni damu moja.

OLUPOT: Tulikuwa na kesi na wewe. Alisema hao wakishajua kinachokuua, panga hawatalihitaji tena.

EKWARO: Ndiyo maana hamkuwa mnakula kwangu.

OLUPOT: Ndiyo maana.

EKWARO: Dorah anapika kuku, anaweka mboga, mama yako anafunika sahani yako na kusema mtoto ameshiba. Kila sikukuu. Dorah anaingia jikoni analia. Mimi nikasema, huyu shemeji ananiona mchawi, sasa nitamwonyesha. Mwaka ule ule nikang'oa miti ya mpaka. Kumbe ni karanga.

OLUPOT: Alikuogopa pia.

EKWARO: Hiyo sitabisha.

OLUPOT: Haloo?

EKWARO: Nipo. Olupot, uliziona? Zile karanga?

OLUPOT: Niliziona. Maganda mekundu yalikuwa kwenye ndevu zako.

EKWARO: Na bado ukapokea.

OLUPOT: Ukoo wote ulikuwa unatutazama. Ningekataa, wangesema Olupot amekataa amani. Halafu nikaona umepangusa mrija kwa shati. Nikajidanganya inatosha.

EKWARO: Nilipangusa kwa heshima.

OLUPOT: Najua.

EKWARO: Basi mpigie Oluka. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi.

OLUPOT: Nikimwambia Oluka, nimeambia Iyolwa yetu nzima. Kuna watu kule walikuwa upande wako, mpaka leo hawataki kuona nalima lile shamba. Baada ya leo nitakula kwa nani? Nitakunywa maji ya nani?

EKWARO: Sema kitu kingine basi. Sema ni pumu.

OLUPOT: Nilisema pumu jana. Oluka akajibu, hata sumu inakaba kama pumu.

EKWARO: [anakohoa] Sawa. Basi nikae huku huku. Nyumba yenyewe ni udongo, wachome. Tatizo ni Dorah. Nimempigia asubuhi, nikamwambia toka, nenda kwa dada yako Masafu. Anasema hajamuua mtu, hatoki. Wachome akiwa ndani.

OLUPOT: Na hatatoka kweli.

EKWARO: Unamjua.

OLUPOT: Namjua. Baba mdogo, nikuulize moja. Halafu nampigia Oluka.

EKWARO: Uliza haraka, hii kredo ni ya Nasrudin na inakimbia—

OLUPOT: Mwaka juzi, kesi ilipokuwa moto. Ungekuwa umejua habari ya karanga, ungenipa ule mrija?

EKWARO: Maswali gani hayo kwa mgonjwa?

OLUPOT: Nijibu.

EKWARO: Jumamosi nisingekupa. Naapa kwa kaburi la baba yako.

OLUPOT: Sijauliza Jumamosi.

EKWARO: [mtandao unakwaruza] Mwaka juzi... Mwaka juzi ningekupa.

OLUPOT: Sawa.

EKWARO: Olupot—

OLUPOT: Nimesikia. Kata simu.

EKWARO: Bado utamwambia?

OLUPOT: Mama mdogo yuko ndani ya ile nyumba. Kata, saa zinakwenda.

EKWARO: Mwanangu, sikiliza kwanza, mimi si yule tena wa—

[tuu, tuu, tuu]

OLUPOT: Haloo? Mzee Oluka? Ndiyo, ni mimi Olupot. Watu wako hapo? Wote? Basi weka simu sauti kubwa. Nataka kila mtu asikie.