Baba na Waya Uliopita Ukutani

"Umezifuta picha za mke wangu!"

"Kaka, nilitafuta nafasi ya kuweka kazi mpya, nikajua zitaingia kwenye pipa la taka, tutazirudisha."

"Pipa lipi? Ukifuta kitu cha mashine yangu kupitia waya hakiingii pipa lolote, kimekwenda!"

"Basi nifungie, kama mimi ni mwizi!"

"Nimeshakufungia!"

Ndugu waombolezaji, naanza na ugomvi huo kwa sababu baada yake Baba na mdogo wake, Baba Mdogo aliyeketi hapa mbele, hawakusemeshana tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1992, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na mwaka 2009 akafungua duka la mabango pamoja na mdogo wake, vyumba viwili vyenye ukuta wa mbao katikati. Baba alitumia kompyuta ya Linux, Baba Mdogo ya Windows, kila mmoja akiicheka mashine ya mwenzake, hivyo Baba akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaweka kwake folda moja ambayo, mradi mashine ya Baba imewashwa, Windows iliiona kama diski yake yenyewe, mmoja akichora kule, mwingine akichapa huku, na wateja wakambatiza Baba jina la Mzee Folda.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 20 Agosti 2005, wakanipata mimi peke yangu, Mama akatangulia mwaka 2016, na picha zake zilikaa katika folda hiyo mpaka zilipofutwa mwaka 2021. Baba akamwachia mdogo wake ruhusa ya kusoma tu, asiweke wala asifute kitu, mlango wa katikati ukapigiliwa misumari, kila mmoja akawa na wateja wake, ila waya ulibaki, kwa kuwa Baba Mdogo alihitaji nembo za wateja wa zamani.

Februari 2023 Baba aliugua figo, nikaacha shule kidato cha pili ili nimuuguze, na kitanda chake tukakihamishia dukani, akitaka kumsikia ndugu yake akikohoa upande wa pili. Siku moja aliomba kibodi, akamrudishia Baba Mdogo ruhusa yote, akanikataza kusema, akitaka mdogo wake ajaribu mwenyewe, lakini kompyuta haimtangazii mtu kwamba amesamehewa, na aliyekwisha kuambiwa amefungiwa hajaribu tena. Kila asubuhi Baba aliniuliza kama mdogo wake ameweka chochote, hata bango la mtu, nikafungua folda, nikakuta vilevile.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, asubuhi, nikamfumba macho, kisha nikaizima mashine, maana feni yake ilikuwa ikivuma peke yake chumbani na sikuweza kuistahimili.

Nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotuletea maji na uji, na mafundi wenzake mliobeba jeneza. Lala salama Baba, kazi umeimaliza.

Baba Mdogo, nimeyasoma haya mbele ya watu kwa sababu asubuhi ile aliyofariki nililia tu, sikukujibu, na jibu ni hapana, folda ilikuwa wazi miezi yote ile, ila wewe hukujua, ulisimama mlango wa mbele na kikombe chako cha chai, kabla sijamwambia mtu yeyote, ukasema, "Mwanangu, folda haifunguki. Hebu muulize kaka, ndiyo amenifungia kabisa?"