Peterson Theuri na Chupa ya Mdomo Mpana

Wachungaji, wazee, akina mama na majirani, mimi ni Gathoni, kifungua mimba wake, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu.

Peterson Theuri alizaliwa Wamagana mwaka wa 1938, mwana wa Kihara na Gathoni, akasoma hapo hapo kijijini, na Februari 1964 akaandikwa kazi katika idara ya mifugo mjini Nyeri, kazi aliyoipenda kuliko chai, na mliomjua mnajua hilo si jambo dogo.

Mwaka wa 1966 aliitwa hapa Gatitu na mama mjane, Watiri, ambaye ng'ombe wake wa pekee alikuwa na uvimbe kwenye kope, na majirani walishasema ni kansa, achinjwe kabla hajakonda. Baba alikata kipande cha uvimbe, akakisukuma ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi yenye shingo nyembamba, akajaza fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, akakituma maabara Kabete. Kumbe nyama mbichi huingia popote, lakini ikilala kwenye fomalini huwa ngumu kama soli ya kiatu, na walipojaribu kukitoa kikapondeka, wakajibu kwamba hakisomeki.

Akarudi kwa aibu kuomba akate tena, na mama huyo, aliyelisha watoto kwa maziwa ya ng'ombe huyo, akasema hakatwi mnyama wake mpaka aione chupa kwanza. Baba akaleta chupa ya jamu, mdomo mpana, kipande chembamba, dawa tele. Jibu likaja kwamba si kansa, ng'ombe akapona, akazaa, na Baba akaendelea kuja kukagua kope ambalo halikuwa na shida yoyote, hadi tarehe 16 Desemba 1967 alipofunga ndoa na binti wa nyumba hiyo, Wakonyo, mama yetu.

Walijaliwa watoto watatu, mimi, Kihara na Watiri, na tulikula jamu kweli kweli, maana chupa zilikuwa zikingojewa kazini.

Machi 1987 alipata uvimbe shingoni, na daktari alipomweleza kwamba atakata kipande kikapimwe, Baba hakuuliza kama itauma.

"Hebu nione chupa kwanza," alisema.

Alionyeshwa, akaridhika. Jibu la safari hii halikuwa zuri, na lilituuma sana, lakini lilisomeka, tukapata miezi ya kukaa naye tukijua. Alituacha tarehe 9 Septemba, asubuhi, nyumbani, Mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gatitu, na wenzake wa idara ya mifugo, na zaidi tunamshukuru Cucu Watiri, nyanya yetu aliyeketi hapa mbele, kwa kumruhusu akate mara ya pili.

Kazi umeimaliza, Baba, sasa pumzika kwa amani.